Buibui wa Nyumbani Kwetu: Nani ni Nani?

Najua wengi mmefungua jarida hili mkitafuta mashairi. Yapo mbele, subirini kidogo. Mimi mwaka huu nimeonelea niandike kuhusu wapangaji ambao tunaishi nao nyumba moja na hawalipi kodi hata siku moja, yaani buibui.

Nazi ikiwa changa sana huitwa kidaka. Ikikua kidogo ni kitale, halafu dafu, halafu koroma, mpaka ikomae iwe nazi. Sisi wa Turkana ambao mnazi tunauona kwenye picha tu tunakariri majina hayo yote kwa ajili ya mtihani. Lakini huyu tunayemwona kila siku ukutani, chini ya kitanda, chooni na ndani ya deski ana jina moja tu, buibui, tena jina lenyewe anagawana na vazi la akina mama wa pwani! Kwa sababu hiyo, humu ndani nitatumia majina niliyojitungia mwenyewe. Kama Chama cha Kiswahili kina majina bora, nitafurahi kuyapokea.

Jambo hili la majina si mchezo. Likizo ya Agosti nilikuwa Kakuma kwa shangazi yangu, ambaye ana duka dogo karibu na kambi. Asubuhi moja aliingiza mguu kwenye buti la raba lililokuwa limekaa nyuma ya mlango wiki nyingi. Alihisi kama amechomwa na mwiba. Baada ya muda mfupi mguu ukaanza kuwaka moto, maumivu yakapanda hadi pajani na jasho likamtoka. Majirani wakaja mbio. Mmoja akamwona buibui mkubwa bapa ukutani, akapiga kelele, "Ndiye huyo!" Yule maskini alipigwa na akala mpaka akabaki doa. Kila mtu akatulia, eti mwuaji amepatikana. Wakati huo buti lilikuwa pale pale sakafuni, na binamu yangu wa miaka saba alikuwa ameshaanza kulivaa alipeleke nje. Nikamnyang'anya, nikalipeleka uani na kuligongagonga juu ya jiwe. Akaanguka buibui mdogo wa kahawia, mwili wake kama punje ya maharagwe, amejikunja kana kwamba amekufa. Pamoja naye zikaanguka vidonge viwili vyeupe vyenye miiba miiba. Shangazi alipelekwa zahanati, akapewa dawa ya maumivu, akaangaliwa mpaka jioni akarudi nyumbani. Baada ya siku mbili hivi alikuwa sawa. Yule wa ukutani alikufa bure.

Sasa basi, tuwatenganishe. Kwanza tukubaliane buibui ni nani. Buibui si mdudu wa kundi la nzi na mende. Mdudu wa kundi hilo ana miguu sita, na mwili wake una sehemu tatu. Buibui ana miguu minane na sehemu mbili tu: mbele kichwa na kifua vimeungana, nyuma ni tumbo, na katikati pana kiuno chembamba. Hana mabawa, hana papasi. Wengi wana macho manane, ingawa wengine wana sita. Nge na kupe ni jamaa zake, nao wana miguu minane, lakini si buibui.

Na yule jitu la rangi ya mchanga linaloingia usiku likifuata taa, watu wakapanda juu ya vitanda? Huyo si buibui kamwe! Wengi humwita buibui wa ngamia. Mtazame vizuri (kama una moyo) utahesabu kama miguu kumi. Ile miwili ya mbele si miguu bali ni viungo vya kupapasia. Tumbo lake lina pingili kama la funza, na halina kile kiuno chembamba. Mbele ya uso ana meno mawili makubwa kama koleo za fundi. Hafumi utando na hana tezi za sumu. Akikubana ataumiza, tena sana, na kidonda kioshwe kwa sabuni, lakini sumu hana. Watu husema anakufukuza. Ukweli ni kwamba hapa kwetu mchana jua likiwaka anatafuta kivuli, na kivuli kilicho karibu ni chako. Ukikimbia, kivuli kinakimbia, naye anakifuata. Simama kando ya ukuta uone kama hatakwenda kwenye kivuli cha ukuta. Kuhusu taa, anafuata wadudu waliokusanyika pale, si wewe.

Huyo tumweke kando, twende kwa buibui wenyewe.

Wa ukutani kwanza. Katika nyumba za mawe na za udongo kuna buibui ambaye ni bapa kabisa, kama amekanyagwa na lori. Nimemwita buibui bapa. Wataalamu humwita Selenops. Miguu yake imelala kando kama ya kaa, hajengi utando wa kunasia, na mbio zake ni za ajabu. Unapepesa jicho tu ameshaingia kwenye ufa. Watu humchanganya na mwingine mkubwa, ambaye naye huwinda bila utando na miguu yake pia imepinda kuelekea mbele. Huyu wa pili nimemwita buibui mwindaji. Kuwatofautisha ni rahisi ukiwatazama kwa upande. Weka shavu lako karibu na ukuta, mbali naye kidogo. Bapa haonekani ameinuka, ni kama stempu iliyobandikwa. Mwindaji ana mwili ulionenepa, umeinuka. Tofauti nyingine iko kwenye macho, lakini hiyo inataka kioo cha kukuza: bapa ana macho sita yaliyojipanga mstari mmoja mbele na mawili mengine kando nyuma yake, naye mwindaji ana safu mbili za macho manne manne. Ukiona kwenye ukuta kitu cheupe cha duara, kama karatasi iliyogundishwa, usikibandue ukidhani ni gundi ya bango la kampeni. Ni mayai ya bapa. Wote wawili hula mende. Nyumba yetu ya Lodwar ina bapa watatu ninaowajua, na sijawahi kusikia amemwuma mtu.

Kuna pia bapa wa bandia, ambaye hupenda magome ya miti na mara nyingine hukaa kwenye kuta. Huyu mtazame nyuma. Ana kama mikia miwili mirefu, ambayo kwa kweli ni viungo vya kutolea uzi. Anapopata mdudu humzunguka mbio mbio akimfunga nyuzi. Nilimwona kwenye mgunga karibu na mto Turkwel, nikasahau hata maji niliyotumwa.

Miguu-mirefu hana haja ya maelezo mengi, kila mtu anamjua. Ni yule wa kwenye pembe za dari, miguu kama nywele, ukimgusa anatikisa utando wote mpaka haonekani vizuri. Lakini hata hao si wa aina moja. Mmoja tumbo lake ni refu la mviringo, kama punje ya mchele. Mwingine, anayeitwa Crossopriza lyoni, tumbo lake lina pembe kama kisanduku, na nyuma limechongoka juu. Jike hubeba mayai mdomoni, kifungu cha vidude vyeupe, wala hayaachi. Uvumi upo kila mahali kwamba miguu-mirefu ana sumu kali kuliko wote duniani ila meno yake ni mafupi. Hakuna ushahidi wowote wa jambo hilo. Ni maneno tu ya bwenini, na sisi ni shule ya kutwa, hata bweni lenyewe hatuna.

Hapa niseme kitu kimoja. Wenzetu Waislamu, hasa Wasomali wa Kakuma, wengi hawapendi kuua buibui. Wanasimulia kwamba Mtume alipohama Makka mwaka 622 alijificha pangoni, na buibui akafuma utando mlangoni, maadui wakaona pango halijaingiwa na mtu, wakapita. Mimi si Mwislamu lakini ukiishi na majirani unajifunza. Nilipomweleza mmoja wao kuhusu yule wa kwenye buti alisema mwenye madhara ni habari nyingine, lakini kwanza uhakikishe ni yeye.

Kuhakikisha ndiko kugumu kwa hawa wadogo, nao ndio ninaowapenda zaidi. Kuna warukaji. Hao ni wafupi, wana nywele, wanatembea hatua mbili wanasimama, wanageuka wakuangalie. Wanakuangalia kweli! Macho mawili ya katikati mbele ni makubwa kama taa za matatu, na ndiyo yanayomwezesha kupima umbali kabla ya kuruka. Hawafumi utando wa kunasia, ila kabla ya kuruka hubandika uzi, akikosea asianguke mbali.

Katika nyumba nyingi za nchi za joto, kuna warukaji wawili wanaofanana mpaka mtu anadhani ni mmoja. Jifunze madume yao kwanza. Dume la Plexippus paykulli ni jeusi na lina mstari mpana mweupe katikati ya mgongo, kuanzia kichwani hadi nyuma, na mingine kando. Dume la Menemerus bivittatus ni kinyume chake: mstari wa katikati ni mweusi, na kandokando ndiko kweupe. Yaani kama umezoea punda milia, mmoja ni mweusi aliyechorwa chokaa na mwingine ni mweupe aliyechorwa makaa. Majike ni kahawia na yanasumbua. La Plexippus lina mstari mpana wa rangi hafifu katikati, na karibu na mwisho wa tumbo vidoa viwili vyeupe. La Menemerus lina mistari miwili ya giza kandokando inayokutana nyuma. Ukishindwa na rangi, angalia umbo. Menemerus amelala chini, bapa kidogo, anapenda ukuta wa nje wenye jua. Plexippus ameinuka.

Warukaji hawa hula nzi na mbu. Hapa kwetu mvua ikinyesha, laga kama Tarach zinajaa siku moja, kesho yake zimebaki vidimbwi, na baada ya muda malaria inaanza kubisha hodi. Sisemi mrukaji mmoja atamaliza malaria ya Turkana. Chandarua ni chandarua. Lakini kumpiga ndara mtu anayekula mbu, tena bure, ni hesabu gani hiyo?

Na kuna mmoja ambaye Wakenya tunapaswa kujivunia kama tunavyojivunia wakimbiaji. Anaitwa Evarcha culicivora, alielezwa na kupewa jina hilo mwaka 2003. Huishi kandokando ya Ziwa Viktoria, na amechunguzwa sana pale Mbita. Chakula anachokipenda kuliko vyote ni mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Mwaka 2005 watafiti walichapisha majaribio yao: akiwekewa wadudu mbalimbali, humchagua mbu mwenye damu, na anaweza kumtambua kwa kumwona tu au kwa harufu tu. Baadaye walionyesha kwamba anavutiwa hata na harufu ya soksi zilizovaliwa! Uso wake ni mwekundu, dume na jike. Msimtafute Lodwar, ziwa letu ni lingine. Nimemtaja kwa sababu ukimweka kando ya warukaji wetu bila kuangalia uso, utasema ni wale wale.

Sasa tufike kwa yule wa kwenye buti. Nimemwita buibui mbigili, na sababu utaiona. Jina lake la kisayansi ni Latrodectus geometricus, naye ameenea sehemu nyingi za Afrika na nchi nyingine za joto. Jike, ambalo ndilo la kuogopwa, mwili wake ni kama sentimita moja tu. Dume ni dogo mno na halina habari. Rangi yake ndiyo inayodanganya watu. Anaweza kuwa wa rangi ya mchanga, kahawia, kijivu, hata karibu mweusi. Kwa hivyo mtu akikuambia "ni yule wa kahawia," hajakuambia kitu. Nusu ya buibui wa nyumba hii ni wa kahawia.

Alama tatu ndizo za kutegemea. Ya kwanza iko chini ya tumbo, si juu. Ni doa la rangi ya machungwa au jekundu, pembetatu mbili zilizogusana ncha kwa ncha. Vitabu husema ni kama saa ya mchanga, lakini nani kati yetu amewahi kuona saa ya mchanga? Fikiria ekicholong ya mzee: pana juu, nyembamba katikati, pana chini. Ndivyo lilivyo. Kwa bahati nzuri huyu hukaa kwenye utando akiwa amepinduka, tumbo juu, kwa hivyo ukimulika tochi mara nyingi doa utaliona bila kumgusa. Alama ya pili ni miguu yenye pete pete za giza. Hiyo peke yake haitoshi, wengine nao wanazo. Ya tatu ndiyo kubwa kwangu, nayo ni mfuko wa mayai. Ni kidonge cha mviringo, cheupe au cha manjano hafifu, kimejaa miiba midogo pande zote. Mnazijua mbigili zinazotoboa magurudumu ya baiskeli zetu njiani kuja shule. Ni kama mbigili ya pamba. Hakuna mwingine wa nyumbani mwetu mwenye mfuko wa namna hiyo, na faida yake ni kwamba mfuko hautoroki. Hata kama mwenyewe amejificha, ukiona mbigili, jua mwenye nyumba yupo.

Anaofanana nao ni wa ukoo wake mwenyewe, wanaofuma utando ule ule wa ovyo ovyo, kama uzi uliokorogwa na mtoto. Mmoja ni Steatoda. Ana tumbo la duara linalong'aa kama limepakwa mafuta, na mara nyingi mstari hafifu kama mwezi mchanga upande wa mbele wa tumbo. Chini hana ekicholong. Mfuko wake wa mayai ni laini, kama kipande cha pamba, hauna miiba. Mwingine ni buibui wa nyumba wa kawaida, Parasteatoda, kahawia mwenye madoadoa, tumbo limeinuka juu. Mfuko wake umefanana na tone la maji, una rangi ya karatasi ya khaki. Hawa wawili waache. Utando wao hukatika kirahisi ukivutwa na kijiti. Wa mbigili ni mgumu, unasikia unavyokatika: ta, ta.

Mahali pia panasaidia, ingawa si hakika. Mbigili hapendi kati ya ukuta. Anapenda chini na pembeni, mahali pasipoguswa: chini ya kiti cha plastiki, ndani ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya mlango wa choo, kwenye matofali yaliyorundikwa, ndani ya kiatu, na chini ya deski pale ambapo vidole hushika unapolivuta. Ni mwoga. Ukimgusa anajidondosha na kujikunja kama amekufa. Huuma akibanwa na ngozi, kama alivyobanwa na mguu wa shangazi. Kwa watu wengi maumivu hubaki pale pale na kuisha, na wanasayansi husema kwa kawaida si mkali kama jamaa zake weusi. Mtoto mdogo, mzee, au mtu anayetokwa na jasho, kutapika au kukazwa na misuli, apelekwe hospitali bila kungoja. Wengine hukimbilia kukata kwa wembe au kuweka jiwe jeusi. Jiwe halivuti sumu, na wembe unaongeza kidonda cha pili.

Ukitaka kumtazama kwa usalama tumia chupa ya jemu. Mfunike nayo, pitisha karatasi ngumu chini, kisha inua chupa juu ya kichwa umtazame kutoka chini. Ndivyo nilivyofanya mimi na wenzangu wawili juma moja jioni, baada ya masomo, darasa kwa darasa. Katika madarasa manne tulipata warukaji wengi wasiohesabika, bapa watano, miguu-mirefu kila pembe, na mbigili wanne, wote chini ya madeski ya mstari wa nyuma, ambayo hayasogezwi hata wakati wa kufagia. (Walio nyuma mnajijua.) Hatukupuliza dawa, kwa sababu dawa ingewaua na wale wengine wote. Tulitumia kijiti na soli ya kiatu, kisha tukakusanya mifuko ya mayai kwa koleo ya kuni na kuichoma nje kwenye shimo la takataka. Usiikanyage ukaiacha. Mfuko mmoja unaweza kuwa na mayai 100 hivi, na mbigili mmoja tuliyempata alikuwa na mifuko sita.